Koleo la moto, koleo la mchanga: jibu kwa fundi wa Katuba

Swali lilifika kwangu hivi kutoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Katanga, Kongo, kwa fundi wa kusude, yaani wa kuchomelea chuma; nalinakili kama lilivyoandikwa: "Jambo mwalimu. Niko fundi wa kusude hapa Katuba. Mu atelie yetu kila kitu cha kukamatia chuma tunakiita pensi tu. Juma lililopita shofere moya wa Tanzania alikuya na lori yake, akaniomba plaizi, nikamuangalia tu. Akaona pensi mu mukono yangu, akasema: si ni hii! Tukaanza kuzungumuza. Nikamwambia mu kamusi ya mutoto wangu imeandikwa koleo. Akakatala, akasema kwao koleo ni ya kuchotea muchanga. Sasa nani anasema kweli? Na haya mayina yote yanatoka wapi? Na eto na visi je?"

Mdogo wangu, kati yako na shofere hakuna aliyekosea, na kamusi ya mtoto haikukosea pia. Kitu kimoja kilikuwa na majina mawili, halafu jina moja likawa na vitu viwili, ndiyo maana mlipishana.

Nianze na koleo, kwa kuwa ndilo lililowagombanisha. Koleo la kamusi ni la mhunzi: vyuma viwili virefu vilivyopishana, vimefungwa kwa riveti karibu na mdomo, ili mtu akamate chuma chekundu huku mkono wake uko mbali na moto. Maana hii ni ya zamani. Kama unasali, umeshaisikia kanisani: katika Isaya sura ya 6 serafi anachukua kaa la moto juu ya madhabahu kwa makoleo, analigusisha kinywa cha nabii. Watafsiri hawakuwa wakifikiria mchanga. Lakini nenda leo kwenye ujenzi Dodoma au Dar es Salaam, sema "nipe koleo", utapewa chombo chenye mpini mrefu wa mti na bamba pana la chuma, kile ambacho wengine wao huita beleshi au chepe, na sisi hapa Lubumbashi tunakiita peli.

Mimi sioni ajabu jina kuhama namna hiyo. Kifaransa chenyewe kimefanya vilevile na neno lako. Pince ni chombo cha taya mbili, lakini Mfaransa anayebinua mawe anaweza pia kuita pince ule mtaimbo mrefu, ndugu wa barmini yetu ya mgodini, usio na taya wala riveti. Watu huangalia kazi zaidi ya umbo. Kinachochukua pale ambapo kiganja kinashindwa, wanakipa jina lililopo tayari mdomoni.

Tazama pia sura ya neno lenyewe. Fyeka imezaa fyekeo, tegemea imezaa tegemeo, kimbilia imezaa kimbilio. Koleo limevaa nguo hiyohiyo, na jirani yake wa karibu ni kolea: chumvi imekolea, rangi imekolea kitambaani, moto umekolea. Kila mara ni kitu kilichoshika na hakiachii.

Sasa pensi yako. Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Weka msumari mwembamba juu ya meza, ujaribu kuuokota kwa kidole kimoja. Utausukuma huku na huku, mwisho utaanguka chini. Leta gumba upande wa pili, bonyeza, nyanyua: umeupata. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami nikifundisha jina hili naanzia hapo siku zote. Pincer kwa Kifaransa ni kufinya. Pensi basi ni kifinyio, gumba na kidole vilivyotengenezwa kwa chuma, na mikono yake mirefu inaongeza nguvu ambayo vidole havina. Pima ya kwako kwa utepe: ukishika sentimita 15 kutoka kwenye riveti, na chuma kikiwa sentimita 3 upande wa mdomo, unachobonyeza kwa kiganja kinafika kwenye chuma kikiwa mara 5. Kaa wa majini naye Mungu alimpa chombo hichohicho. Kwa Kiswahili tunakiita gando, na Wafaransa wanakiita pince bila kubadilisha chochote.

Plaizi ya shofere imetoka kwa Waingereza, wanaosema pliers. Lakini ukiifuata nyuma zaidi unakuta kitenzi cha Kifaransa plier, kukunja, na nyuma yake Kilatini plicare, kukunja vilevile. Kwa hiyo yule mgeni alikuomba kifaa kwa Kifaransa cha zamani kilichozunguka njia ya Uingereza, kikaingia Afrika ya Mashariki, kikarudi kwetu ndani ya lori. Wewe ulikitaja kwa kufinya, yeye kwa kukunja. Na ukijiangalia unapofunga waya juu ya nondo utaona nyote mna haki. Kwanza unafinya ncha mbili za waya pamoja. Halafu unavuta kidogo ili waya ukaze. Halafu unazungusha mkono, waya unajikunja, mara tatu, mara nne, na ukizidisha unakatika. Tendo ni moja, lina hatua kadhaa, na kila lugha imechukua hatua moja ikaifanya jina. Ukishika wazo hili, majina mengine yote yatakufungukia.

Chukua tenayi, ile ya kung'olea misumari, ambayo ninyi pia mnaiita pensi, na hapo kidogo nawalaumu. Baba yangu alikuwa seremala Kamalondo. Tenayi yake ilikuwa na mkono mmoja uliovishwa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu chuma kilikuwa kimelika na kilimchubua. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kunyoosha misumari aliyong'oa, juu ya jiwe, kwa nyundo ndogo, ili itumike tena. Nilimwona mara nyingi akifanya jambo moja bila haraka: anaweka kipande cha ubao chakavu pembeni ya msumari, anaukamata chini kidogo ya kichwa, halafu havuti. Anabingirisha. Shavu la mviringo la tenayi linajiviringisha juu ya kile kipande cha ubao, msumari unapanda wenyewe, na meza ya mteja haipati kovu. Pensi yako ya mdomo wa bapa haiwezi kazi hiyo, haina shavu. Tenaille inatoka katika Kilatini tenere, kushika. Aliyekipa jina hakuona kufinya wala kukunja. Aliona chombo kinachoshika na kubaki kimeshika wakati mkono unafanya kazi nyingine.

Labda umesikia Wafaransa wakisema des tenailles, kwa wingi, kumbe mkononi iko moja. Waingereza nao hufanya hivyo kwa pliers, na watafsiri wa Isaya waliandika makoleo. Chombo cha miguu miwili kinavuta ulimi kwenye wingi. Mkasi wetu ulitoka katika Kiarabu miqass, neno la umoja kabisa, lakini sikiliza watu wangapi wanasema makasi.

Waingereza wana jina jingine kwa koleo la mhunzi, tongs, na Wajerumani wanasema Zange. Hayo mawili ni ndugu, na mzizi wao wa kale maana yake ni kung'ata. Kigiriki daknein, kung'ata, ni wa ukoo huohuo. Hapa nafurahi kila mara, kwa sababu sisi pia, tukishaacha jina la kifaa na kutaja viungo vyake, tunaingia mdomoni moja kwa moja. Tunasema mdomo wa pensi, taya za pensi, meno ya pensi yamekwisha. Fundi anamuuliza mwenzake "bado inang'ata?" na hakuna anayefikiria mbwa. Mtu wa Katuba na mhunzi wa Ujerumani hawajawahi kukutana, lakini wote waliona kinywa.

Kwenye hospitali ni kinyume: wanatumia jina la mhunzi bila kujua. Forsepsi, kibano cha daktari, ni neno la Kilatini lililounganishwa na formus, chenye moto, na capere, kuchukua. Kichukua-moto. Lilikuwa koleo la kiwandani kabla halijaingia chumba cha kuzalishia.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, kuhusu eto na visi. Eto, étau, ile inayofungwa juu ya meza ya kazi, Waingereza wanaiita vice, na mafundi wa Nairobi wanasema vaisi. Neno hilo ni visi yetu hii ya kila siku, skrubu! Kifaransa cha kale vis kilikuwa skrubu, na Waingereza walipokiona chombo kinachokaza kwa skrubu kubwa wakakiita kwa sehemu yake moja. Nyuma ya vis iko Kilatini vitis, mzabibu. Umewahi kuona mmea unaotambaa ukijisokota kwenye waya wa ua? Ule msokoto ndio walioulinganisha na njia ya skrubu. Sasa zungusha mkono wa eto yako polepole, uangalie skrubu inavyoingia. Kamusi za pwani zina jina lao kwa chombo hiki, jiliwa, zuri na fupi, ila hapa kwetu ukilisema utabaki peke yako.

Kwa kle na spana nitapita haraka. Clé ni ufunguo, lufungulo kama tunavyosema hapa, kwa sababu inafungua na kufunga nati. Spana imetoka kwa Waingereza, nao waliipata kwa Wajerumani, spannen, kukaza au kuvuta hadi kikazike. Katika miaka ya 1600 haikuwa ya nati; ilikuwa ya kukazia springi ya bunduki iliyowaka kwa gurudumu. Na ile kle inayopanuka na kubana, Wafaransa wanaiita clé anglaise, ufunguo wa Kiingereza. Wapolandi wanaiita ufunguo wa Kifaransa. Wadenmark wanaiita wa Kiswidi. Kila mmoja anamtaja jirani aliyedhani ameileta.

Lakini nisingependa uondoke ukidhani majina ya kushika ni mali ya Ulaya. Utajiri wetu uko kwenye vitenzi, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote niliyokuandikia.

Sema kamata. Sisi watu wa Katanga tunalitumia kutwa nzima, "kamata pensi hii", maana yake chukua tu, wakati kule Dar es Salaam kamata ni ya polisi na mwizi. Ndani ya neno hili mna kitenzi cha zamani kama, kubonyeza, hasa kubonyeza chuchu ya ng'ombe maziwa yatoke. Mtoto wake unamjua, kamua. Ongeza mwishoni -ata, na unapata kubonyeza kunakobaki: mkono umebana na haujaachia. Hii -ata ilikuwa na kazi maalumu katika lugha za Kibantu, kuonyesha mguso unaoendelea, kitu na kitu vimeshikana. Fumba ni kufunga kiganja au macho. Fumbata ni kufunga kiganja na kitu kimo ndani. Amba imezaa ambata, kugandamana na kitu. Iko kwenye kumbatia, iko kwenye pakata, kumweka mtoto mapajani. Na kama bibi yako alikuwa Muluba, basi alisema kukwata, kushika, na sikio lako linaisikia -ata ileile. Wazee walioanza kusema hivyo walikuwa wameshatofautisha kufinya kunakopita na kushika kunakodumu, tofauti ambayo Kifaransa kimeigawa kati ya pince na tenaille. Sisi tulikuwa nayo ndani ya mkia wa kitenzi.

Bana nayo usiisahau. Kubana ni kuweka kitu kati ya viwili na kukaza, kwa hiyo kibano, kwa hiyo kibanio cha nguo na cha nywele. Banika, kuchoma samaki juu ya makala, ni ya ukoo huu: samaki alibanwa kwanza kwenye kijiti kilichopasuliwa katikati. Kijiti kile ni koleo la mti, kama unataka kujua mama zetu walikuwa nalo au hawakuwa nalo. Na hapo kwenye makala simama kidogo. Kamusi ya mtoto inaandika makaa. Ni neno moja. Pwani waliiangusha l, sisi tukabaki nayo, kama tulivyobaki nayo kwenye kufungula wakati wao wanasema kufungua. Mtoto akicheka makala yako, mwambie yako ndiyo iliyobaki karibu zaidi na ya mababu.

Majina yalifikaje hapa? Kwa njia zaidi ya moja. Wayeke walitoka Unyamwezi katika karne ya 19 wakakaa Bunkeya, na mafundi wao walivuta waya wa shaba wa kutengeneza bangili, kazi isiyowezekana bila kitu cha kuubana. Kiswahili kilikuja na misafara kutoka mashariki wakati huohuo. Halafu mwaka 1906 Union Minière, kampuni ya migodi, ikaanzishwa, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika na mji huu ukazaliwa. Kiswahili kikawa lugha ya kazi mgodini na kwenye atelie, lakini kifaa kilichotolewa kwenye sanduku kilikuwa na jina la aliyekileta. Kutoka kusini yalipanda maneno ya Kiingereza, kama buku na motokari ambayo wazee wetu walisema. Kutoka kwa mabwana wa atelie yalishuka pensi, tenayi, eto, visi, turnevisi. Hakuna aliyekaa akachagua. Mtu alipokelewa kazini asubuhi, akaambiwa "donne la pince", na jioni alikuwa na neno jipya nyumbani.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu wetu mmoja alituuliza kifaa gani baba zetu wanatumia. Nikasema pensi na tenayi. Aliniambia hayo si maneno, ni uchafu wa atelie, akafuta ubao mpaka vumbi la chaki likatufikia. Nilirudi nyumbani nikaona haya kumwomba baba ile tenayi kwa jina lake. Nimeyachunguza maneno haya miaka mingi tangu hapo, na naweza kukuambia kwa uhakika: plaizi ya Tanzania, spana ya Kenya na pensi ya Lubumbashi zimeingia Kiswahili kwa mlango mmoja, mkononi mwa mfanyakazi. Kama mkasi wa Kiarabu ni Kiswahili, na ni Kiswahili, pensi nayo ni Kiswahili. Atakayekuandikia kwamba fundi wa Katuba hajui lugha yake, mwonyeshe -ata.

Ila kuwa na neno si kuacha maneno mengine yafe. Kuita kila kitu pensi kunawapunja wanafunzi wako, kwa sababu mwanafunzi akiambiwa "leta pensi" ataleta yoyote, na kwenye moto yoyote ni hatari. Mimi ningegawa hivi. Ya mikono mirefu, ya chuma cha moto, iite koleo. Hapo kamusi ina haki na mkono wa kijana utapona. Ya misumari ibaki tenayi. Pensi ibaki kwa hizi za kila siku, ukiongeza kazi yake: pensi ya kukata, pensi ya mdomo mrefu. Na kibano kiwe jina la chochote kinachobana na kubaki peke yake wakati wewe unasude, mikono yako yote miwili ikiwa huru.

Kuna moja itakayokusumbua, ile wengi wanayoiita pensi-eto, yenye skrubu nyuma ya mkono na inayolia "tak" ikijifunga. Aliyeibuni, William Petersen, alikuwa mhunzi kutoka Denmark aliyehamia De Witt, Nebraska, kule Marekani. Alipata hataza ya kwanza mwaka 1921, na mwaka 1924 akaongeza wenzo wa kujifungia. Ndiyo Vise-Grip unayoona imeandikwa kwenye zile za zamani. Inafinywa kama pensi, halafu inabaki imeshika kama eto. Ukiniuliza mimi, ni kibano, lakini pensi-eto imesema ukweli wote kwa maneno mawili, na singeigusa.

Shofere akirudi na akakuomba koleo, muulize kwanza: la moto au la mchanga? Na kwenye kamusi ya mtoto, pembeni ya neno hilo, mwandikie kwa kalamu ya risasi: "Tanzania, pia peli."